Nimepata buibui ambaye hayumo kwenye kitabu chochote. Nataka kumpa jina, naanzia wapi?

#1 Fundi Mlango
Wakuu habari.
Niko Moshi, kazi yangu useremala. Jumamosi nilipanda Kibosho kwa bibi kung'oa kabati la zamani la stoo, pale anapoweka kahawa na mikungu ya ndizi. Nilipotoa ubao wa nyuma nikamkuta buibui kajibana ukutani, kalala bapa kama kibandiko. Si wale wa kusuka utando. Miguu yote imepinda kuelekea mbele kama ya kaa, rangi ni ya gome la mti. Nikamsogezea futi bila kumgusa: ncha ya mguu hadi ncha ya mguu, sentimita 11 na nusu. Nilipowasha tochi alishahama nusu mita kabla sijapepesa jicho.

Nina jamaa yangu anaongoza watalii. Nikamrushia picha, akasema hii ni ile familia ya buibui wawindaji, wasiotega utando, na kwamba huyu hajamwona kwenye kitabu chochote. "Spishi mpya hiyo, mpe jina lako." Tangu juzi silali vizuri. Swali langu: buibui anasajiliwa wapi? BRELA, kule wanakosajili biashara?

Picha mbili hizo hapo. Mwenyewe yuko kwenye ndoo ya rangi ya lita nne, mfuniko nimeutoboa matundu.

#2 Siti ya Mbele
Nipo. Chai na maandazi mkononi.

#3 Chalii wa Ngarenaro
Oya mangi, umeokota buibui stoo ushawaza hatimiliki. Mchaga ni Mchaga tu.

#4 Fundi Mlango
Jibu swali kwanza chalii yangu, utani baadaye.

#5 Mama Wawili
Mwagia maji ya moto huyo. Mwaka jana mmoja alinikojolea shingoni nimelala, nikaamka na mstari mwekundu unawaka kama nimechomwa pasi. Wiki nzima najifunga mtandio.

#6 Nesi wa Zamu
Pole dada, ila buibui unamsingizia. Mstari wa kuungua wa namna hiyo mara nyingi ni yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyeusi na nyekundu, wa jamii ya mbawakawa, anayekuja kwenye taa msimu wa mvua. Haumi wala hakojoi. Ni wewe unampangusa usingizini, anapasuka, majimaji yake yanaunguza ngozi. Na wapo wanaokuja zahanati wakisema "buibui kanipitia" kumbe ni mkanda wa jeshi, na huo ni virusi vya tetekuwanga vimeamka.

#7 Mama Wawili
Asante nesi, lakini chumbani kwangu sikuona mdudu mwekundu. Niliona buibui.

#8 Mwalimu Baio
Fundi, hongera kwa kumpima kabla ya kumpiga ndala. Wengi wetu kesi ingeishia pale pale ukutani.

Ila jamaa yako amekurusha madarasa mengi. Kitabu cha watalii kina buibui wachache wa kupendezesha kurasa. Orodha kuu ya dunia, inayotunzwa makumbusho ya Bern, Uswisi, ilivuka spishi 50,000 mwaka 2022, na familia ya hao wawindaji, Sparassidae, peke yake ina zaidi ya 1,400. Kutokuwemo kwenye kitabu cha jamaa yako ni sawa na jina lako kukosekana kwenye daftari la madeni la dukani. Haina maana hujazaliwa.

Wa kwanza kumshuku ni Heteropoda venatoria. Huyo ni mzururaji, amesambaa nchi za joto karibu zote kwa meli na mizigo ya watu, anaishi majumbani, anakula mende. Linnaeus alishamwandika mwaka 1767. Mwangalie usoni: chini ya macho huwa na mstari mpana wa rangi ya maziwa, kama masharubu. Ukiyaona masharubu, mrudishe kwa bibi, kesi imefungwa.

#9 Fundi Mlango
Nimemwangalia kwa kioo cha fundi saa. Mstari upo, ila mwembamba, na katikati umekatika. Haya mwalimu, nimrudishe nusu?

#10 Konda wa Holili
Huyo kaja na ndizi. Nimepiga debe kwenye fuso za ndizi miaka sita, kila mkungu una abiria wake. Katoka bandarini akapanda gari, mwisho wa safari Kibosho.

#11 Binti Marangu
Konda, ndizi zinashuka kutoka Kibosho kwenda sokoni. Lini uliona mtu anapandisha ndizi kupeleka kwa Wachaga?

#12 Konda wa Holili
Basi kaja na mabati. Au saruji.

#13 Fundi Mlango
Hapo mmenikumbusha kitu. Bibi anasema kabati lenyewe babu alilinunua Tanga, likaletwa Moshi kwa treni. Zamani sana, baba yangu alikuwa hajaoa.

#14 Konda wa Holili
Tanga si bandari? Nimemaliza.

#15 Binti Marangu
Kwa hiyo buibui kakaa nyuma ya kabati toka baba yake Fundi hajaoa.

#16 Konda wa Holili
Ukoo wake. Nao wana vihamba vyao vya urithi.

#17 Jicho la Njiro
Wakuu mnapotea wote. Huyo wa bapa ukutani ni Selenops, familia nyingine kabisa. Yupo kwenye nyumba nyingi hapa Arusha. Na vile vidude vyeupe vya duara, kama sarafu ya karatasi iliyogandishwa ukutani kwa gundi, mara nyingi ni mayai yao. Ukimsogelea anageuka papo hapo; kuna waliompiga picha za kasi wakakuta anageuka hadi nyuzi 3,000 kwa sekunde, yaani mizunguko zaidi ya minane kwa sekunde moja. Ndiyo maana Fundi anasema "kabla sijapepesa jicho".

Kipimo ni macho. Selenops ana sita mstari wa mbele na mawili nyuma. Hao wawindaji wenu wana mistari miwili, manne manne. Fundi rudi na kioo chako uhesabu.

#18 Mwalimu Baio
Njiro hapo kwenye macho uko sahihi, na nilipaswa kuanza na hilo. Lakini sentimita 11 na nusu? Hao wa ukutani ni wadogo. Huyo angekuwa babu wa ma-Selenops wote.

#19 Fundi Mlango
Nimehesabu. Manne chini, manne juu. Nadhani. Moja la pembeni sina uhakika kama ni jicho au ni tone la maji.

#20 Mlinzi wa Sakina
Mimi nakesha getini. Kuna wakubwa kama hao kwenye kibanda changu, na msimtanie mtu: kuna usiku mmoja alikuwa anavuma. Sauti ndogo kama simu iko kwenye mtetemo ndani ya mfuko wa koti. Nilitafuta simu yangu nikakuta iko mkononi.

#21 Chalii wa Ngarenaro
Mlinzi, ulikuwa umelala.

#22 Mwalimu Baio
Hakulala. Dume la venatoria linajulikana kwa hilo: linakaza miguu ukutani na kuutetemesha mwili likimwita jike, na mwanadamu anaweza kusikia. Kama huyo wa Fundi anavuma, nitazidi kumshuku yule yule.

#23 Fundi Mlango
Wa kwangu kimya. Anakula mende tu. Nilimtupia mmoja jana, hakukimbizana naye, alimngoja apite kisha akawa yuko juu yake.

#24 Usa Kwanza
Huku kwetu Usa River nilimwona mkubwa hivyo anaburutwa na nyigu wa buluu, mbawa rangi ya kutu. Nyigu anarudi kinyumenyume, anavuta mzigo mara tatu ya uzito wake hadi shimoni. Nilidhani kaua. Baadaye nikaambiwa hajafa, kapigwa sindano ya kupooza, atatagiwa yai moja juu yake na funza atamla akiwa hai. Tangu siku hiyo buibui nawaonea huruma.

#25 Mama Wawili
Mimi sijaanza kuwaonea.

#26 Chupa na Lebo
Nimesoma tangu mwanzo. Kazi yangu inahusiana na sampuli za viumbe vidogo, kwa hiyo nijibu swali la #1 ambalo watu wamelikwepa.

Kumpata buibui mpya ni rahisi. Kazi ni kuthibitisha kwamba hakuna aliyewahi kumwandika. Kwanza awe mtu mzima. Mtoto hana kitambulisho, hata awe mkubwa kama sahani. Kitambulisho kiko kwenye sehemu za uzazi: kwa dume, ncha za vile vijikono viwili vifupi vya mbele, vinaitwa palpi, kwa jike, kibamba kilicho chini ya tumbo. Vinashikana kama ufunguo na kitasa, na kila spishi ina kitasa chake. Rangi haina maana sana, masharubu hayana maana sana. Mtaalamu anakata palpi ya kushoto, anaiweka chini ya hadubini, anaichora mwiba kwa mwiba, kona kwa kona. Kisha anapima kila pingili ya kila mguu.

Halafu inakuja sehemu ya kuchosha. Lazima ulinganishe na wote wa jenasi hiyo, yaani kundi la spishi ndugu, walioandikwa tangu enzi za Clerck, Mswidi aliyetoa kitabu chake cha buibui mwaka 1757. Na hapa Kilimanjaro kuna mtego. Mwaka 1905 hadi 1906 alikuja Msweden mwingine, Yngve Sjöstedt, na msafara wake. Alizoa viumbe kwa maelfu kutoka Kilimanjaro na Meru, lebo nyingi zimeandikwa "Kibonoto", yaani Kibong'oto ya kule Siha. Buibui wake walishughulikiwa na Tullgren, akachapisha mwaka 1910. Kwa hiyo inawezekana kabisa ndugu yake na huyu wako anaogelea kwenye chupa Stockholm tangu kabla babu yako hajazaliwa. Na maelezo ya zamani mara nyingi yalitokana na jike peke yake, au dume peke yake. Unaweza kumpata dume, ukaruka ruka kwa furaha, kumbe ni mume wa mke aliyeandikwa zaidi ya miaka mia iliyopita.

#27 Siti ya Mbele
"Mume wa mke aliyeandikwa." Hii naiweka kwenye profaili.

#28 Chalii wa Ngarenaro
Kwa hiyo wazungu walibeba hadi buibui. Fundi anadai urithi wa babu yake.

#29 Fundi Mlango
Chupa, asante sana. Tuseme nimelinganisha na wote, hayumo. Uzi huu hautoshi kuwa ushahidi kwamba mimi ndiye wa kwanza?

#30 Chupa na Lebo
Hautoshi. Lazima ichapishwe kwenye jarida. Toka mwaka 2000 kanuni za majina zinataka utaje wazi sampuli inayobeba jina, kwa kawaida moja iitwayo holotaipu, na useme itahifadhiwa makumbusho gani. Majarida ya mtandaoni yalianza kukubaliwa 2012, nayo lazima yasajiliwe kwenye daftari maalumu linaloitwa ZooBank. Ndiyo BRELA yako hiyo. Ndoo ya rangi si makumbusho.

#31 Chalii wa Ngarenaro
Mtie kwenye Konyagi basi, asioze.

#32 Chupa na Lebo
Konyagi ni asilimia 35, huyo atalewa kisha ataoza. Buibui anataka spiriti ya asilimia 70 hadi 80, na kama utataka kupima vinasaba ni zaidi ya 95. Lebo iandikwe kwa penseli au wino usioyeyuka, iingie ndani ya chupa pamoja naye: mahali, mwinuko, tarehe, nani kamkamata. Buibui asiye na lebo ni uchafu tu.

#33 Afisa Mstaafu
Vijana, kabla hamjafika kwenye spiriti. Utafiti wa wanyamapori nchi hii unapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ofisi zao ziko hapo Arusha, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Msije mkafungasha buibui kwenye bahasha kwenda Ulaya mkadhani ni kadi ya Krismasi. Na Fundi, usianze kupanda ule ukanda wa msitu wa Nusu Maili kutafuta wenzake. Kule ni hifadhi.

#34 Binti Marangu
Baba, yaani buibui wa stoo ya bibi anahitaji kibali? Angekuwa panya je?

#35 Afisa Mstaafu
Kumuua ndani ya nyumba yako hakuna atakayekuuliza. Kumwandika na kumsafirisha ni habari nyingine.

#36 Binti Marangu
Kwa hiyo ndala haina kibali, penseli ina kibali. Sawa.

#37 Usa Kwanza
Kwa nini iwe Ulaya? Chuo cha wanyamapori Mweka si pale juu? Na Makumbusho ya Historia ya Asili yapo kwenye Boma la Mjerumani hapo Arusha mjini.

#38 Chupa na Lebo
Mweka aanzie hapo, sikatai, watamwelekeza. Tatizo ni kwamba sampuli za kulinganisha haziko hapa. Nyingi za Afrika ziko makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na kwingineko Ulaya. Hilo linaniuma kila siku kazini, tuliache.

#39 Jicho la Njiro
Turudi kwenye jina. Fundi, jina lako mwenyewe usiweke. Kanuni hazikatazi, ila utachekwa hadi uzeeni. Buibui hawa wamepewa majina makubwa: yuko Heteropoda davidbowie wa Malaysia, kapewa jina la mwanamuziki wa Uingereza mwaka 2008, na aliyempa ni Peter Jäger wa makumbusho ya Senckenberg, Frankfurt. Huyo huyo mwaka 2020 akaita jenasi nzima ya Madagaska Thunberga, kwa ajili ya yule binti wa Sweden wa mambo ya tabianchi.

#40 Konda wa Holili
Weka Mbaraka Mwinshehe.

#41 Jicho la Njiro
Mwanamume anaongezewa i mwishoni. Mbarakai.

#42 Sharifa wa Majengo
Mkiweka wanamuziki, Siti binti Saad atangulie.

#43 Jicho la Njiro
Mwanamke ni ae. Sitiae. Linapendeza kuliko yote humu. Mahali ni ensis, kiboshoensis.

#44 Chalii wa Ngarenaro
Buibui kuitwa Siti mbona sawa, na buibui atavaa.

#45 Sharifa wa Majengo
Nilijua mtafika huko. Ila niseme: sisi nyumbani buibui hatumuui. Ndiye aliyesuka utando mlangoni mwa pango la Thaur, Mtume akasalimika. Fundi mwachie.

#46 Konda wa Holili
Bi Sharifa, lakini huyu ni wa wale wasiosuka.

#47 Sharifa wa Majengo
Binamu yake alisuka. Inatosha.

#48 Fundi Mlango
WAKUU. Nimefungua ndoo sasa hivi, wako WAWILI.

#49 Mama Wawili
Nilisema maji ya moto.

#50 Siti ya Mbele
Ndoo ina mfuniko, wa pili kaingilia wapi? Tulia, mulika vizuri.

#51 Fundi Mlango
Mmoja hatikisiki. Nimempuliza akasogea kama karatasi. Ni ganda tupu, wakuu! Miguu yote minane ipo, hadi kucha, na kifua kimefunguka kama kifuniko cha birika. Mwenyewe kakaa kando, rangi imepauka, miguu kama ya nta.

#52 Chalii wa Ngarenaro
Kajivua gamba kama wale wa CCM mwaka 2011. Tutaona kama kabadilika.

#53 Chupa na Lebo
Usimguse! Ngozi mpya bado laini, mguu utapinda. Ina maana jana alikuwa bado mtoto, vipimo vyote mlivyobishania ni vya mtoto. Sasa kesho, akikauka, angalia vile vijikono viwili vya mbele. Vikiwa vyembamba hadi mwisho, ni jike au bado mtoto. Vikiwa vimevimba ncha, ni dume lililokomaa au lililo karibu kukomaa.

#54 Mwalimu Baio
Kama jana alikuwa mtoto na alikuwa 11 na nusu, mimi naanza kurudi nyuma kuhusu venatoria. Mkubwa wa venatoria huwa anaishia kwenye 12 hivi.

#55 Jicho la Njiro
Futi ya seremala aliyeogopa haiaminiki. Na hata akifika 15, yule Heteropoda maxima wa Laos, aliyeandikwa 2001, anafika 30. Ukubwa si hoja.

#56 Fundi Mlango
Futi yangu inajenga nyumba za watu, Njiro. Heshima kidogo.

#57 Fundi Mlango
Nimeangalia leo asubuhi kwa kioo. Vimevimba. Kama bondia aliyevaa glavu. Na alipoinua miguu ya mbele kunitisha, kwa chini ina mistari ya njano na nyeusi, kwa juu huoni kitu.

#58 Chupa na Lebo
Njano na nyeusi kwa chini? Hiyo inanipeleka kwenye Palystes, si Heteropoda. Hao wanafunga mayai ndani ya mfuko wa majani na hariri, mkubwa kama ngumi, unaning'inia kwenye vichaka. Muulize bibi kama ameshaona kitu hicho kwenye miti ya kahawa.

#59 Mwalimu Baio
Kwa Palystes siwezi kuapa. Wanapenda vichaka, huyu kakutwa nyuma ya kabati.

#60 Usa Kwanza
Mimi mifuko ya majani nimeiona kwenye ua wangu. Nilijua ni ya viwavi nikaichoma.

#61 Fundi Mlango
Bibi anasema ameiona na hajaiona. Kwake kila kitu kwenye mti wa kahawa ni "mdudu wa kahawa". Nimeamua: nashuka mjini duka la dawa kununua spiriti. Moyo unauma kidogo, ila nataka ijulikane.

#62 Siti ya Mbele
Fundi vipi, siku ya pili hii?

#63 Fundi Mlango
Nilirudi na spiriti, lebo nimeandika kwa penseli. Nikakuta ndoo iko juu ya ua inakauka, imesuguliwa na majivu hadi inang'aa. Bibi alihitaji ndoo ya kukamulia. Nikamuuliza, "Bibi, na aliyekuwa ndani?" Akasema, "Si nimemrudisha stoo, mende wamezidi tangu umchukue."

#64 Chalii wa Ngarenaro
Nimecheka hadi jirani kagonga ukuta. Bibi ndiye mtafiti.

#65 Chupa na Lebo
Ganda unalo?

#66 Fundi Mlango
Ninalo, kwenye bahasha.

#67 Chupa na Lebo
Lihifadhi pakavu. Kwa kumwandika halifai, hilo ni la utoto, palpi hazijafunguka. Kwa vinasaba huenda likasaidia. Lakini dume lenyewe ndilo tunalolitaka.

#68 Fundi Mlango
Bibi kanipigia sasa hivi. Kamwona jana usiku nyuma ya kalenda. Anasema ana miguu saba.

#69 Mwalimu Baio
Saba? Basi si wako. Huyo ni mwingine.

#70 Jicho la Njiro
Au bibi alimrudisha kwa ufagio.

#71 Fundi Mlango
Napanda Jumamosi na tochi.

#72 Chalii wa Ngarenaro
Na ndoo yako mwenyewe.